Kabla hatujamlaumu mwanafunzi, tulipime gitaa lake

Kijana akianza kujifunza gitaa la umeme, kisha akaliacha baada ya miezi michache, huondoka na hukumu moja tu: hana kipaji. Wazazi wake huamini hivyo, mwalimu wake huamini hivyo, na gitaa huingizwa uvunguni likisubiri mnunuzi. Ni nadra mtu kuchukua rula akapima. Angepima, mara nyingi angekuta nyuzi zimeinuka milimita nne juu ya freti ya 12 mahali ambapo mbili zingetosha, shingo imepinda kupita kiasi, na daraja halijaguswa tangu gitaa litoke kiwandani. Vidole vya mtoto vinauma pasipo sababu. Anabonyeza mahali sahihi, sauti inatoka imepotoka. Sikio lake, ambalo ndiyo kwanza linafunguka, linafundishwa kosa kila siku, naye anadhani kosa ni lake.

Naamini tumepoteza wapigaji wengi kwa njia hiyo. Naamini pia dawa ipo, haina gharama kubwa, na mtu hahitaji kusubiri waraka wa wizara ili aianze. Dawa yenyewe ni gitaa la kuunganisha: seti inayokuja ndani ya boksi ikiwa vipande, mwili upande huu, shingo upande ule, nyaya na skrubu kwenye vifuko, mtu akaiunganisha kwa mikono yake na kuiseti mpaka ipigike. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo ya mwisho, ya kuseti, ndiyo inayolifanya gitaa liwe gitaa, na kwamba sijaona shule rahisi ya kuifundisha kazi hiyo kuliko seti hizi.

Tuanze na swali la msingi: kwa nini gitaa la umeme linaweza kuuzwa vipande vipande? Gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, halikubali jambo hilo kirahisi. Sauti yake hutoka katika sanduku jembamba la mbao lililogundishwa kwa ustadi wa miaka mingi. Gitaa la umeme la aina iliyoenea zaidi duniani lilibuniwa na mtu wa kazi nyingine kabisa. Leo Fender, aliyezaliwa California mwaka 1909, alisomea uhasibu, akajifundisha mwenyewe mambo ya redio, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Hakujua kupiga gitaa. Wanamuziki walimpelekea amplifaya zilizoharibika, naye kwa kuwasikiliza akazijua shida zao.

Mwaka 1950 alitoa gitaa la mbao nzima isiyo na uwazi ndani, ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina la Telecaster. Shingo yake haikugundishwa kwenye mwili. Ilifungwa kwa skrubu nne. Shingo ikiharibika, unafungua na kuweka nyingine. Sehemu za umeme zilikaa mahali panapofikika kwa bisibisi, kama fundi yeyote wa redio angependa zikae. Stratocaster ya mwaka 1954 ilifuata utaratibu huohuo. Seti nyingi zinazouzwa leo ni nakala za magitaa hayo mawili, na zinaungika kirahisi kwa sababu aliyebuni asili yake alifikiri kama mtu anayejua kwamba siku moja kitu kitafunguliwa kitengenezwe.

Nasisitiza habari ya fundi redio kwa sababu kwetu wamejaa. Jijini Dar es Salaam, pita Kariakoo uone vijana wanaofungua simu na kubadilisha vipuri vidogo kuliko punje ya mchele, wakilehemu chini ya lenzi bila mkono kutetemeka. Nenda Keko uone mafundi seremala wanaonyoosha mbao kwa jicho tu. Ingia gereji yoyote utamkuta fundi wa magari mwenye fila, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ya valvu, anayejua kwa ncha ya kidole tofauti ya robo ya milimita na nusu yake. Nairobi, Kampala na Lubumbashi nazo zina watu wa aina hiyo. Gitaa la umeme linahitaji ujuzi wa hawa watatu, seremala, fundi redio na fundi wa vipimo. Wote tunao mjini. Hatujawahi kuwakutanisha juu ya meza moja, na seti ya gitaa ndiyo meza ninayoipendekeza.

Seti za kawaida huuzwa nje kwa dola 100 hadi 200 za Marekani, kabla ya nauli na ushuru. Si fedha ya kuokota, lakini kanisa, shule au kikundi cha vijana kinaweza kuichanga. Ndani ya boksi mna mwili uliokwisha kukatwa, shingo yenye freti zake, daraja la nyuzi, funguo sita za kukazia, pikapu, vidhibiti vya sauti, swichi, tundu la waya wa amplifaya na nyuzi. Mwili huwa haujapakwa rangi ya mwisho. Wengi huanza na rangi kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Mimi nawasihi waanze na kipimo.

Unganisha kila kitu kwanza bila rangi wala gundi. Ingiza shingo mahali pake, nyoosha uzi mwembamba kutoka katikati ya kichwa hadi katikati ya daraja, na utazame kama unapita sawia juu ya ubao wa vidole. Kisha pima urefu. Kwenye magitaa ya mfumo wa Fender, uzi una urefu wa milimita 648 kutoka kwenye kizingiti, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki ambacho nyuzi hupita juu yake zikitoka kichwani, hadi kwenye daraja. Freti ya 12 lazima iwe nusu kamili ya safari hiyo, milimita 324. Hapo ndipo uzi hutoa sauti ileile ikiwa oktavu moja juu. Freti nyingine zote zimepangwa kwa hesabu moja: kila hatua huondoa sehemu moja ya 17.817 ya urefu uliobaki, ndiyo maana freti ya kwanza hukaa milimita 36.4 kutoka kwenye kizingiti, na nafasi huzidi kubana kadiri unavyoukaribia mwili. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeuliza hisabati ya mfuatano ina faida gani anaweza kujibiwa kwa rula na ubao huo. Daraja likifungwa milimita tano nje ya mahali pake, marekebisho ya baadaye yanaweza kushindwa kuliokoa gitaa hilo.

Kazi ya msasa na rangi nitaipita haraka, maana mafundi wetu wa samani wanaijua vizuri kuliko vitabu. Msasa huanza wa kukwaruza, huishia laini, kila mara kwa kufuata nyuzi za mbao. Wa Pwani wakumbuke jambo moja: hewa ya masika imejaa unyevu, vanishi hukauka polepole na huweza kufanya ukungu mweupe. Subirini siku kavu.

Umeme wa gitaa unastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndipo vijana wengi hushangaa jinsi mambo yalivyo mepesi. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba wenye unene wa takriban milimita 0.06, mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku hutikisika pia, na ndani ya waya huzaliwa umeme kidogo unaofuata mtikisiko uleule. Ni kanuni ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831, ileile inayoendesha jenereta za mabwawa ya Kidatu na Mtera. Umeme huo hupita kwenye kidhibiti cha ukubwa wa sauti, kwa kawaida cha kiloomu 250 kwa pikapu za koili moja na 500 kwa zile za koili mbili, halafu kwenye kidhibiti cha toni chenye kapasita ndogo inayopunguza ukali wa juu, kisha huelekea kwenye tundu la waya. Hakuna betri wala kompyuta. Ni sehemu chache za kulehemu, na kila moja ina sababu unayoweza kuieleza kwa sentensi moja.

Tatizo kubwa la hapa ni mvumo. Koili moja hunasa mtikisiko wa uzi, lakini hunasa pia umeme wa nyumbani unaobadilika mara 50 kwa sekunde, na katika kumbi zetu zenye taa na nyaya za kila namna mvumo huo huweza kumshinda mpigaji. Dawa ya kwanza ni waya unaounganisha daraja la nyuzi na upande hasi wa saketi. Ya pili ni kuvisha mashimo ya mwili karatasi ya shaba iliyounganishwa na upande huohuo. Dawa ya tatu ilipatikana katika kampuni ya Gibson mwaka 1955, pale Seth Lover alipopanga koili mbili zinazoangaliana kinyume ili mvumo wa moja ufute mvumo wa nyingine. Mafundi wetu wengi wa amplifaya wanaijua kanuni hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwapelekea gitaa na kuwaomba walifungue.

Sasa tufike kwenye kuseti. Gitaa likishakamilika na kupendeza, bado halijawa kitu. Nyuzi sita za unene wa kawaida, kuanzia 0.010 hadi 0.046 ya inchi, zikikazwa kwenye sauti zake huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40. Mbao hukubali kuvutwa, na huinama. Kwa hiyo ndani ya shingo hupita chuma kirefu chenye nati mwishoni, ubunifu ambao Thaddeus McHugh wa Gibson alipewa hataza yake mwaka 1923. Ukikaza nati hiyo, shingo hunyooka, ukilegeza, huinama. Utaratibu ni mmoja na hauvunjwi: kwanza nyuzi zikazwe kwenye sauti zake, ndipo shingo ishughulikiwe, halafu kimo cha nyuzi, kizingiti, usahihi wa sauti, na mwisho pikapu. Anayeruka hatua hurudi mwanzo.

Shingo hupimwa kwa uzi wenyewe. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza, ubonyeze pia pale shingo inapokutana na mwili, uzi ubaki umenyooka. Tazama katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Panatakiwa pawe na nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3, unene ambao fila ya gereji huupima kwa sekunde moja. Uzi huhitaji nafasi hiyo kwa kuwa unapotikisika hutanuka zaidi katikati yake. Shingo ikinyooka mno, uzi hugonga freti na kukwaruza. Ikiinama mno, mpigaji huhangaika kubonyeza. Nati izungushwe robo tu, kisha mbao ipewe muda wa kutulia. Na kipimo hiki hakifanywi mara moja ukasahau. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, hivyo gitaa lililosetiwa Tanga na kupelekwa Dodoma litabadilika, na asiyejua atadhani limeharibika.

Kimo cha nyuzi hufuata. Juu ya freti ya 12, milimita 1.5 kwa uzi mwembamba na 2 kwa uzi mnene ni mwanzo mzuri; anayepiga kwa nguvu ataongeza kidogo. Kizingiti kinataka subira zaidi. Ukibonyeza uzi kwenye freti ya tatu, juu ya freti ya kwanza ibaki nafasi ndogo sana, inayoonekana kwa shida. Katika seti za bei nafuu, mifereji ya kizingiti karibu kila mara huwa haijachongwa vya kutosha, na hiyo ndiyo sababu kodi za mwanzo, zile za freti tatu za kwanza ambazo kila mwanafunzi huanza nazo, huwa ngumu na zenye sauti iliyopanda. Mtoto anaanzia mahali pagumu kuliko pote kwenye shingo yake, kwa sababu mtu hakupitisha tupa dakika chache.

Halafu inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote. Uzi ukibonyezwa huvutwa kidogo, na uzi ukivutwa sauti yake hupanda. Ili kufidia, kila uzi una kibebeo chake kwenye daraja, nacho husogezwa mbele au nyuma kwa skrubu. Unagusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, ukisikia sauti safi ya oktavu. Kisha unaubonyeza palepale. Sauti mbili hizo lazima zilingane. Ya kubonyeza ikiwa juu, kibebeo kirudi nyuma. Ikiwa chini, kisogee mbele. Programu ya kutyuni kwenye simu hutosha, na zipo zisizolipiwa. Siku kijana anapozisikia sauti mbili zikikutana kwa mkono wake mwenyewe, anajifunza jambo ambalo hakuna mwalimu anayeweza kumweleza kwa maneno: kuwa sauti sahihi ni kitu kinachotengenezwa, nacho kinaweza kupotoka na kurudishwa. Gitaa ninalopiga leo niliunganisha mwenyewe, na tangu nilipofanya kazi hiyo nasikiliza bendi kwa sikio jingine.

Muziki wetu unadai usahihi huo kuliko muziki mwingi. Katika dansi la Tanzania na rumba ya Kongo, gitaa halipigwi peke yake. Solo, rithimu na besi hujibizana, mara nyingi na gitaa la nne katikati yake, kila moja likipiga sentensi fupi inayojaza nafasi iliyoachwa na mwenzake. Mpiga solo hupanda juu ya shingo, mbali na kizingiti, na kukaa huko kwa dakika nyingi wakati wa chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka. Gitaa lenye kasoro kwenye freti ya 14 linaweza kuvumilika kwa mwimbaji mmoja anayepiga kodi za chini. Likiwekwa katika mseto wa magitaa matatu, linachafua kazi ya wote.

Tena wapigaji wetu waliligeuza gitaa lenyewe. Kongo walibuni namna iitwayo mi-composé: uzi wa nne, ule wa D, huondolewa, na mahali pake huwekwa uzi mwembamba unaokazwa oktavu moja juu. Hapo ndipo hutoka ule mng'ao wa gitaa la kati unaotambulikana mara moja katika rekodi za rumba. Fikiria maana yake kwa fundi. Mfereji wa kizingiti uliochongwa kwa uzi mnene sasa umebeba uzi mwembamba unaochezacheza ndani yake. Kibebeo chake kinahitaji kuhamishwa. Mvuto wa shingo umebadilika. Hakuna kiwanda cha China, Indonesia wala Marekani kinachoseti gitaa hivyo kabla ya kulisafirisha. Kazi hiyo lazima ifanywe na mtu wa kwetu, anayeujua muziki wa kwetu. Hata Franco Luambo Makiadi, mpiga gitaa mashuhuri wa Kongo aliyezaliwa mwaka 1938, alianza utotoni kwa gitaa la kujitengenezea lenye nyaya badala ya nyuzi. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Kwa nini basi utamaduni wa kuyajua magitaa yetu kwa ndani haukukua sambamba na ufundi wa kuyapiga? Nadhani sehemu ya jibu ni umiliki. Bendi kubwa za Tanzania zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. DDC Mlimani Park ilibeba jina la Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki aliyehama aliondoka na vidole vyake, gitaa likabaki stoo. Mfumo huo ulitupa muziki mkubwa, nami nauheshimu, lakini haukumpa mpigaji sababu ya kufungua chombo kisicho chake. Kijana aliyeunganisha gitaa lake anaanzia mahali tofauti. Hamwombi mtu ruhusa ya kushika bisibisi.

Wapo watakaosema kwamba seti za kuunganisha ni michezo ya kujifurahisha, kwamba gitaa la kweli hutoka kiwandani. Historia haikubaliani nao. Brian May wa kundi la Queen alianza kutengeneza gitaa lake mwaka 1963, akiwa kijana wa shule, pamoja na baba yake aliyekuwa mhandisi wa elektroniki. Shingo waliichonga kutoka kwenye ubao wa meko ya zamani, na springi za daraja zilitoka kwenye injini ya pikipiki. Gitaa hilohilo alilipiga juu ya paa la Kasri la Buckingham mwezi Juni 2002, dunia ikimtazama. Mpiga gitaa Eddie Van Halen alinunua mwili wenye kasoro na shingo kando kando, akaongeza pikapu ya gitaa jingine, na kwa mchanganyiko huo akarekodi albamu ya kwanza ya kundi lake iliyotoka mwaka 1978 na kubadilisha upigaji wa solo wa kizazi kizima.

Pingamizi la pili lina uzito, nami silikwepi: kwa fedha ya seti na vifaa vya kuiunganishia, mtu anaweza kupata gitaa jipya la kuanzia. Ni kweli. Seti za bei nafuu huja na freti zenye ncha zinazokwaruza kiganja, funguo zinazolegea na nyaya hafifu. Anayetaka kuokoa fedha kwa gitaa moja tu, anunue lililokwisha kuunganishwa. Hesabu hubadilika unapofikiria kundi. Tupa, fila, rula ya chuma na chombo cha kulehemu vilivyonunuliwa kwa seti ya kwanza vitaseti magitaa yote ya kwaya, ya shule na ya mtaa kwa miaka. Na zile kasoro za seti ndizo somo lenyewe. Freti zisizolingana zinakulazimisha ujifunze kuzisawazisha, na ukishajua kuzisawazisha unaweza kulirudishia uhai gitaa la mtu mwingine kwa malipo.

Wengine watasema muziki wa sasa unatengenezwa kwenye kompyuta. Unatengenezwa huko, na sina ugomvi nao. Lakini nenda kanisani Jumapili, nenda harusini Jumamosi, nenda ukumbi wowote ambao bendi bado inapiga mpaka usiku wa manane. Magitaa yapo, na wanaoyapiga wanatafuta mtu wa kuyatengeneza. Hiyo ni ajira inayosubiri watu.

Na mbao je? Kusini mwa Tanzania kuna mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini, ambao dunia hutengenezea klarineti na zumari za okestra. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha FSC kinachothibitisha uvunaji unaolinda msitu. Tuna mkangazi, wa jamii ileile ya miti inayouzwa duniani kama mahogani ya Afrika na kuchongwa miili na shingo za magitaa. Tuna mninga. Sisemi tukurupuke kufungua kiwanda. Nasema anayeunganisha seti leo ataona kesho kwamba mwili wa mbao laini uliokuja ndani ya boksi unaweza kubadilishwa na wa mkangazi wa Keko, na keshokutwa ataona kwamba ubao wa vidole unaweza kuwa wa mpingo. Skrubu nne za Fender zinaruhusu hatua moja moja. Ufundi wa kudumu hukua kwa mtindo huo, kipande baada ya kipande, kila kimoja kikipimwa dhidi ya kilichokuwepo.

Nina mapendekezo manne. Wauzaji wa vyombo waseti kila gitaa kabla ya kulikabidhi, na wampe mnunuzi karatasi yenye vipimo vitatu: upinde wa shingo, kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, na usahihi wa sauti. Makanisa na shule, kabla ya kununua gitaa la tano, wanunue seti moja na vifaa vyake, na wamteue kijana mmoja awe mwangalizi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iandae kozi fupi inayowaweka mwanafunzi wa useremala na wa elektroniki kwenye chombo kimoja, na chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, pamoja na chuo cha muziki cha DCMA Zanzibar vitoe wapigaji wa kukipima kwa masikio. Na kwa kuwa elimu yetu ya sekondari sasa ina mkondo wa amali, shule zenye mkondo huo ziweke gitaa la kuunganisha miongoni mwa kazi za vitendo, maana katika chombo kimoja mwanafunzi atakutana na fizikia, hisabati, useremala na muziki, na mwisho wa muhula atakuwa na kitu cha kusikiliza.

Hayo yote yanawezekana kwa fedha tunazotumia sasa kununua magitaa yasiyopigika. Tumewapa walimwengu namna ya kupiga magitaa matatu yakasikika kama mazungumzo ya watu wanaoelewana. Muziki wa aina hiyo hauwezi kuendelea kuishi kwa kutumaini kwamba chombo chake kitafika kimesetiwa na mtu wa mbali asiyejua tunapiga nini. Kazi ya kukiseti ni yetu, na vijana wa kuifanya tayari wana bisibisi mkononi.